Nyayo juu ya ngano: namna Wachina wanavyokanyaga chachu ya pombe, na namna sisi tunavyoisimulia



Katika kikao kimoja cha chama chetu, hapa Lubumbashi, tulionyeshwa filme fupi juu ya pombe kali ya Wachina. Chupa za pombe ile si kitu kigeni tena kwetu. Tangu makampuni yao yalipoingia kwa wingi katika migodi ya Katanga, zaidi sana nyuma ya mapatano ya 2008, wengi wetu tumeziona mezani, na wengine wamekwisha kuonja na kukunja uso. Lakini namna inavyotengenezwa, hiyo hatukuijua.

Katika filme ile tuliona wasichana wenye sare, kila mmoja juu ya kisanduku cha mbao, wanakanyaga ngano iliyolowanishwa. Jua la asubuhi linaingia dirishani, miziki laini inapigwa, na msemaji anasema kwamba tangu zamani za kale ni mabikira peke yao waliokubaliwa kufanya kazi ile, juu miguu yao ni safi na miepesi.

Watu wakaanza kucheka. Kijana mmoja akauliza: "Yaya, ile ni pombe ao ni potopoto?" Mama mmoja akatikisa kichwa: "Bachina nabo banakanyanga na miguu? Miye, hata siku moya." Ndipo mimi nikasimama kuwatetea Wachina. Nikasema kwamba desturi ni desturi, tuheshimu mila za wengine, na nikarudilia habari ile ya mabikira kama nilivyoisikia katika filme, tena nikaiongezea chumvi kidogo. Wakanipigia makofi.

Nyuma ya kikao, mzee mmoja aliyefundisha masomo ya historia miaka mingi akanishika mkono, akasema pole pole: "Mwalimu, ile habari ya mabikira uliisoma wapi?" Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu la deni lile. Ni kuichambua filme ile na zingine zinazofanana nayo, lakini kwanza ni kujichambua mwenyewe.

1. Chachu yenyewe ni nini?

Ili pombe ipatikane kutoka nafaka, lazima mambo mawili yafanyike. Kwanza wanga wa nafaka ugeuke kuwa sukari. Kisha sukari igeuke kuwa pombe. Mataifa yamepata njia mbalimbali za kufanya jambo lile la kwanza. Katika Katanga na Zambia mama zetu wanatumia mizizi ya munkoyo: wanaitwanga, wanaitia katika uji wa mahindi, na uji unakuwa mwepesi na mtamu. Mahali pengi pa Afrika, na Ulaya pia kwa bia, nafaka inaoteshwa mpaka itoe kimea, na kimea ndicho kinacholeta utamu.

Wachina walishika njia ya tatu. Walikijua kimea tangu zamani, lakini pombe ya kimea peke yake ilikuwa nyepesi. Song Yingxing, mwenye kuandika kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono kilichotoka mwaka wa 1637, anaeleza kwamba watu waliichukia pombe ile kwa wepesi wake, na ndiyo maana ufundi wake ukapotea. Njia iliyobaki ni ile ya chachu wanayoiita qu (tamka kama "chyu"). Ni tofali ao andazi la nafaka mbichi iliyopondwa na kulowanishwa, kisha ikaachwa ili kuvu na vijidudu vidogo sana viote ndani yake. Kuvu ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari, na vijidudu vingine vinageuza sukari kuwa pombe. Kazi zote mbili zinafanyika ndani ya chombo kimoja na kwa wakati mmoja.

Wataalamu wa Ulaya waliifahamu siri hii wakiwa wamechelewa sana. Albert Calmette, mganga Mfaransa aliyefungua Institut Pasteur ya Saigon mwaka wa 1891, alichunguza maandazi madogo ya chachu ya Kichina yaliyotumiwa kule kwa pombe ya mchele, na katika 1892 akaeleza kuvu moja aliyoikuta ndani yake. Kwa kazi ile viwanda vya pombe vya Ulaya vilipata njia mpya ya kugeuza nafaka. Ni Calmette yule yule ambaye herufi yake ni ya pili katika jina la chanjo ya BCG wanayochomwa watoto wetu. Kwa hiyo, mtu akisema kwamba chachu ya Wachina ni uchafu wa washamba, amwulize Calmette kwanza.

2. Mguu unafanya nini?

Chachu ile ndogo ya mchele inaviringishwa kwa mikono. Chachu kubwa, iliyo kama tofali, ndiyo inayokanyagwa. Nichukue mfano wa mji mdogo wa Maotai, kando ya mto Chishui, katika jimbo la Guizhou, kule inakotoka pombe ya Moutai inayojulikana duniani.

Kazi inaanza karibu na sikukuu ya siku ya tano ya mwezi wa tano kwa hesabu yao ya mwezi, maana yake mara nyingi katika mwezi wa 6 wetu. Hapo ngano mpya imekwisha kuvunwa, joto ni kali, na hewa ya bonde ina unyevu. Ngano inapondwa, lakini haisagwi kuwa unga mtupu: moyo wa punje uvunjike, ganda libaki vipande vipande. Ganda hilo ndilo linaloacha nafasi ya hewa. Kisha wanachanganya na maji pamoja na sehemu ndogo ya chachu ya zamani iliyosagwa, namna mama anavyoacha donge la jana ili liumue mkate wa leo.

Mchanganyiko unatiwa ndani ya kisanduku cha mbao. Mfanyakazi anapanda juu, na kwa kisigino na kando za unyayo anabana pembe na kingo nne mpaka zishike vizuri. Katikati hakandamizi sana. Tofali likitoka lina kingo ngumu na mgongo ulioinuka, na Wachina wenyewe wanalifananisha na mgongo wa kobe.

Umbo hili lina sababu. Kingo zikiwa laini, tofali linavunjika wakati wa kulibeba na kuligeuza. Katikati ikiwa ngumu kama jiwe, hewa haiingii, joto linafungwa ndani, unyevu hautoki, na moyo wa tofali unaungua ao unaoza. Tofali zuri linashika kwa nje na kupumua kwa ndani. Mguu wa mwenye kuzoea unasikia tofauti hiyo: unajua hapa pameshika, hapa bado, hapa maji yamezidi. Hiyo ndiyo elimu yenyewe, na inakaa katika kisigino.

Kisha matofali yanapangwa katika chumba, na katikati yao majani makavu ya mpunga. Vijidudu vikianza kazi, tofali linapata joto lenyewe, pasipo moto wowote. Katika chachu ya Maotai joto linapita nyuzi 60. Wafanyakazi wanaingia katika joto lile na harufu ile kuyageuza matofali mara mbili, ya chini yaende juu, ya ndani yaende nje. Nyuma ya siku karibu 40 yanatolewa, kisha yanawekwa akiba miezi karibu sita kabla ya kusagwa na kuchanganywa na mtama. Tena, chachu inayotumiwa pale si kijiko kimoja kama hamira ya mkate. Uzito wake unakaribia kulingana na uzito wa mtama wenyewe. Ni nusu ya pombe, mtu anaweza kusema.

Si kila mahali wanafanya hivyo. Kule Xinghuacun, katika jimbo la Shanxi, chachu ya pombe ya Fenjiu ni ya shayiri na mbaazi, na joto lake linazuiliwa lisipite sana nyuzi 50. Ndiyo maana pombe yake ina harufu nyepesi. Kule Luzhou, katika Sichuan, wanatumia ngano na joto la katikati. Kwa hiyo hakuna "mguu wa Mchina" mmoja. Kila bonde lina mguu wake, nafaka yake na joto lake.

3. Nani alikanyaga zamani?

Hapa ndipo filme ile inaanguka, na mimi pamoja nayo.

Buku la zamani linaloeleza kazi hii kwa urefu linaitwa Qimin yaoshu. Liliandikwa na Jia Sixie katika karne ya 6, katika China ya kaskazini. Ni kitabu cha mashamba na cha nyumbani: namna ya kulima, kufuga, kupika, kutengeneza pombe. Juu ya chachu anatoa maelezo mengi, tena kwa vipimo. Katika chachu moja anaagiza ngano igawanywe kwa mafungu matatu yaliyo sawasawa: moja ipikwe kwa mvuke, moja ikaangwe, moja ibaki mbichi. Kijana mwenye nguo ya rangi ya buluu achote maji kabla jua halijatoka. Wanaoviringisha maandazi wawe watoto wadogo, na mwenye uchafu asitumiwe. Mlango wa chumba unazibwa kwa udongo, na maneno ya kuomba yanasemwa.

Lakini katika chachu nyingine, ile ya tofali, maneno ni tofauti kabisa. Anasema utengeneze kisanduku cha mbao, futi moja ya Kichina kila upande na inchi mbili za Kichina kwa unene, kisha wanaume wenye nguvu walikanyage sana. Tofali likiisha kukanyagwa linatobolewa tundu.

Wanaume wenye nguvu. Hakusema mabikira.

Msomaji anione vizuri hapa. Sisemi kwamba wanawake hawakukanyaga kamwe katika China nzima na katika miaka yote. China ni kubwa, na kitabu kimoja hakiwezi kushuhudia kwa vijiji vyote. Ninasema tu kwamba ushuhuda wa zamani ulio mbele yetu unataja wanaume kwa kazi ya miguu na watoto kwa kazi ya mikono, na kwamba mwenye kutangaza "tangu kale ni mabikira peke yao" ana deni la kuonyesha ushahidi wake. Katika Maotai ya leo wengi wanaokanyaga ni wanawake kweli, na viwanda vinatoa sababu ya uzito mwepesi na uangalifu. Sababu hizo zinaweza kujadiliwa. Lakini desturi ya leo ni ya leo. Tusiivike kofia ya mababu.

Na ule usafi wa Jia Sixie? Ninavyofahamu mimi, ndani ya masharti yale kuna jambo la kazi lililofungwa katika nguo ya dini. Mtoto asiye na uchafu, maji ya alfajiri yasiyoguswa na mwingine, mlango uliozibwa: watu wale hawakuwa na mikroskopu, lakini waliona kwamba chachu inaharibika kwa vitu visivyoonekana, wakajikinga kama walivyoweza. Song Yingxing, miaka elfu moja na zaidi nyuma yake, anasema wazi: mtengenezaji akiwa mvivu wa kuangalia, ao asiponawa vizuri, maandazi machache mabaya yataharibu nafaka nyingi za mtu. Ndiyo maana, anaendelea, wauzaji wa chachu walipaswa kuwa watu wenye jina la kuaminika. Wakati wake matofali ya chachu kutoka nchi ya Huai yalisafirishwa kwa mashua na magari mpaka kaskazini. Hivi tayari ilikuwa biashara kubwa, na jina zuri lilikuwa na bei.

Usafi wa zamani ulikuwa usafi wa kazi. Filme imeuchukua ikaugeuza kuwa usafi wa mwili wa msichana, ili chupa inunuliwe. Hayo si mambo sawa.

4. Makosa matatu ya filme

Kosa la kwanza nimekwisha kulisema: kuweka habari ya kuuza pahali pa historia.

Kosa la pili ni kugeuza kazi kuwa ngoma. Katika picha zile miguu inaruka kwa mpango, nyuso zinacheka, hakuna jasho. Lakini kukanyaga ni kazi ya kujirudia saa na saa katika majira ya joto. Chumba cha matofali kina joto na vumbi. Magoti yanachoka, mgongo unachoka. Filme haituambii mfanyakazi anajifunza muda gani mpaka kisigino chake kijue, wala nani anamfundisha, wala tofali baya linatambuliwa namna gani. Kamera inapenda vifundo vya miguu, inasahau kisigino. Maana yake inapenda mtu aonekane, haipendi ajulikane.

Kosa la tatu ni kusema kwamba "mashine haiwezi kamwe". Neno hili linapendeza masikio yetu sisi wapenda mila, na kwa sababu hiyo tulichunguze zaidi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda vingi vya China vilianza kubana matofali kwa mashine. Mashine za kwanza zilibana kwa pigo moja, nguvu ikawa moja kila upande. Tofali likatoka zuri machoni lakini moyo wake mgumu mno. Kwa hiyo waliosifu mguu hawakuwa wakiota. Lakini mafundi wa mashine nao walijifunza: walitengeneza zinazopiga mara nyingi, kidogo kidogo, na kuacha mgongo ulioinuka. Walimwiga nani? Walimwiga mkanyagaji. Leo njia zote mbili zipo, na pombe nyingi inayouzwa inatoka katika matofali ya mashine. Ushindi wa mguu, basi, si kwamba mashine imeshindwa. Ushindi wake ni kwamba mashine ililazimika kuwa mwanafunzi wake. Kwangu mimi heshima hiyo ni kubwa kuliko hadithi ya mabikira, lakini filme haikuiona.

Nisiwe dhalimu. Filme kama ile zimefanya jema moja: watu wa mbali wamejua kwamba kuna kazi ya namna hiyo, na vijana wa kule wanaweza kuona kwamba kazi ya wazee wao si aibu. Mwaka wa 2006 leta ya China iliweka ufundi wa pombe za Maotai, za Luzhou na za Xinghuacun katika orodha yake ya kwanza ya urithi wa mila usioshikika kwa mikono. Hilo ni tendo la kusifiwa. Lakini wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ikizidi, maji yanaingia. Na maji ya siku hizi ni matangazo.

5. Na kicheko chetu?

Sasa nigeukie upande wa waliocheka. Kicheko kile nacho kinastahili kuchambuliwa.

Kwanza, kwa haki ya jambo lenyewe: ngano inayokanyagwa si pombe inayonywewa. Tofali linapita siku nyingi katika joto lake, linakauka miezi, linasagwa, linachanganywa na mtama uliopikwa kwa mvuke, unachachuka, kisha yote yanawekwa motoni na mvuke ndio unaokusanywa kuwa pombe. Unyayo na kikombe vimeachana mbali sana. Na wafanyakazi wenyewe wanaosha miguu kabla ya kupanda kisandukuni.

Pili, kule Ureno, katika bonde la Douro, kuna mashamba ambayo mpaka leo yanakanyaga zabibu kwa miguu ndani ya mabirika ya mawe, na ile ni mvinyo yenyewe, haipiti katika moto. Chupa zake zinauzwa kwa bei ya juu. Sijasikia mtu wa kwetu akiwacheka Wareno. Miguu ya Mzungu tunaiita "tradition", miguu ya Mchina tunaiita potopoto.

Tatu, na hapa panauma: je, kule Kivu ndizi za kasiksi hazikamuliwi kwa mikono ao kwa miguu, pamoja na majani? Wazee walikunywa, wakaoa, wakapatana, wakazika watu wao kwa kinywaji kile. Mtu aliyesoma anakuja mjini, anaona aibu kusema. Akimcheka Mchina, anamficha babu yake nyuma ya kicheko.

Sisemi kwamba kila pombe ya asili ni nzuri. Lutuku inayopikwa vibaya imeharibu watu wengi katika kartie zetu, na pombe kali ya Wachina, hata ile ya bei kubwa, inaharibu vile vile mtu akiizidisha. Ninasema tu kwamba kuidharau kazi pasipo kuijua si usafi.

6. Jambo linalotuhusu

Kwa nini nimepoteza kurasa nyingi juu ya visigino vya Wachina? Kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alitengeneza munkoyo maisha yake yote. Alijua mzizi gani uchimbwe na upi uachwe, alijua uji upoe mpaka wapi kabla ya kutia mizizi: aliweka mkono kando ya chungu, akasema "bado", ao "sasa". Siku moja watu wa maonyesho fulani ya utamaduni walikuja kumwomba. Alifurahi, akaenda na vyombo vyake. Walipofika, walimketisha nyuma ya pazia afanye kazi, na mbele ya wageni wakasimamisha wasichana watatu wenye vitenge vipya, wakiinua michi katika kinu kitupu. Foto zilipigwa. Katika foto zote shangazi hayumo. Na mimi, mpwa wake niliyesoma, nilikuwa pale, nikacheka na kupiga makofi. Sikuandika hata neno moja la yale aliyoyajua. Amekwisha kufariki. Ule mkono kando ya chungu, ule wa "bado" na "sasa", umekwenda naye.

Nilipoona filme ya Wachina sikutambua kwamba nilikuwa ninaangalia foto zile zile. Ndiyo maana swali la mzee yule lilinichoma. Kinu kitupu na wasichana wenye vitenge. Kisanduku cha mbao na habari ya mabikira: ni ugonjwa mmoja. Desturi inapotafuta mnunuzi, inaanza kujipamba. Ikijipamba inamficha mwenye kuijua. Na siku ile mwenye kuijua anapokufa, pambo ndilo linalobaki, na watoto wetu watalisoma kama ukweli.

Jia Sixie anatuonyesha njia nyingine. Miaka zaidi ya 1400 imepita. Hatujui majina ya wanaume wale wenye nguvu, lakini tunajua upana wa kisanduku chao, unene wa tofali lao, na tundu walilotoboa. Mtu anaweza leo kuchukua ngano na mbao na kujaribu. Mwandishi yule hakudharau hata maombi na nguo ya buluu; aliyaandika yote pamoja na vipimo, pasipo kuondoa kile kinachomchekesha msomi wala kile kinachomchosha. Ile ndiyo namna ya kuheshimu mila.

Kwa hiyo ninaleta maombi kwa wanachama wenzangu, kwa wote wanaokusanya desturi za kwetu. Tukienda kwa mzee ao kwa mama mwenye kazi, tumwulize mambo ya kawaida: nani anafanya, na zamani nani alifanya? Majira gani? Kipimo gani? Ukikosea, inaharibika namna gani, na unajuaje? Nani alikufundisha? Kitu gani kimebadilika tangu ujana wako? Tuandike jibu lake, hata kama linapingana na hadithi tunayoipenda. Akisema "sijui", tuandike "hajui", tusitie letu. Na siku ya maonyesho, mwenye kazi akae mbele. Wasichana wenye vitenge wakae karibu naye, wajifunze.

Kwa kumaliza, ninamrudilia mwalimu mzee aliyeniuliza nilisoma wapi. Baba, ile habari sikuisoma popote. Niliisikia, ikanipendeza, nikaipitisha. Ninaomba msamaha kwako na kwa kikao. Na kwa kijana aliyeuliza kama ni pombe ao potopoto, ninajibu hivi: ni ngano, maji, hewa na kisigino cha mtu anayejua pa kukandamiza na pa kuacha. Kama tungeandika mkono wa shangazi vile Jia Sixie alivyoandika miguu ya wale watu, ningekuwa na kitu cha kukuonyesha cha kwetu. Bado kuna mama wengine katika Katanga wanaoujua munkoyo. Twende kwao upesi, na kalamu mkononi.